Safu ya Kasi Haizaliwi, Hujengwa

Msikilizaji mpendwa, tarehe 29 Februari 1996, katika mji wa Pune nchini India, kulitokea jambo ambalo wapenzi wa kriketi wa Afrika Mashariki hawajalisahau. Kenya, iliyokuwa ikicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza kwa jina lake yenyewe, ilitolewa yote kwa mikimbio 166 tu. Waliokuwa wakifuatilia mchezo kwenye redio walikwisha kukata tamaa. Wapinzani wetu walikuwa West Indies, waliotwaa Kombe hilo mwaka 1975 na tena mwaka 1979. Lakini jua halikuwahi kutua kabla majitu hayo hayajaangushwa yote kwa mikimbio 93. Maurice Odumbe, nahodha wetu, alichukua wiketi 3 kwa kutoa mikimbio 15. Rajab Ali, ambaye kasi yake ilikuwa ya wastani tu, alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 17.

Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini ushindi ule ulizusha swali ambalo juma hili nataka tulitafakari pamoja. Ilikuwaje watu wa visiwa vidogo vya Karibi, ambao idadi yao yote haikufika hata ya watu wa Kenya peke yake, waliitawala kriketi ya dunia kwa muda wa miaka 15 bila kushindwa mfululizo mmoja wa mechi za Testi? Kila mtu anajua jibu la haraka: walikuwa na warushaji wa kasi. Ukiuliza warushaji hao walitoka wapi, utaambiwa kwamba walizaliwa hivyo, warefu, wenye mabega mapana, na nguvu za asili. Mimi sikubaliani na jibu hilo, na historia nayo hailikubali.

Kwanza niwaeleze kidogo wale ambao mchezo wao ni kandanda. Ukanda wanaochezea kriketi una urefu wa mita 20 hivi kutoka vijiti hadi vijiti. Mpira ni wa ngozi, mgumu, na uzito wake ni gramu 160 hivi. Mrushaji wa kasi huja mbio na kuuachia kwa mwendo wa kilomita 140 kwa saa, au hata zaidi. Mpigaji aliyesimama na gongo lake upande wa pili ana muda usiofika nusu ya sekunde wa kuamua aupige, auache, au ainamishe kichwa ili aokoe meno yake. Silaha hiyo ni kali. Lakini silaha kali mkononi mwa mtu mmoja haitoshi kushinda vita.

West Indies walilijua hilo kwa uchungu. Miaka ya 1960 walikuwa na Wes Hall na Charlie Griffith, wote wawili wa Barbados, na wapigaji wa dunia waliwaogopa. Walipochoka wale wawili, nyuma yao hapakuwa na mtu. Timu ikahangaika kwa miaka kadhaa. Ikasifiwa kwa uchangamfu wake, watu wakalipa viingilio kuja kuwaona wakicheza kwa madaha, kisha wakashindwa. Kusifiwa kwa kuchekesha watu huku unafungwa ni sifa ya namna gani?

Mwaka 1974 unahodha ukakabidhiwa Clive Lloyd wa Guyana, mtu mrefu, mpole wa maneno, mwenye miwani. Mwaka uliofuata akaiongoza timu kutwaa Kombe la Dunia la kwanza mjini London, kwa kuishinda Australia kwa mikimbio 17. Miezi michache baadaye wakaenda Australia wenyewe kucheza mechi 6 za Testi. Huko ndiko walikokutana na shule yao.

Australia walikuwa na Dennis Lillee na Jeff Thomson. Lillee alikuwa fundi, Thomson alikuwa tufani. Walirusha kwa zamu, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na wapigaji wa West Indies hawakupata pa kujificha. Watu waligongwa mikono, vifua na vichwa. Kutoka majukwaani yalikuja matusi ya rangi. Mjini Sydney kijana wa Jamaika aliyeitwa Michael Holding, wa miaka 21, alikasirishwa na uamuzi wa mwamuzi hata akakaa chini uwanjani akalia. Mwisho wa safari hesabu ilikuwa mechi 5 kwa 1. Ushindi wao mmoja, mjini Perth, uliletwa na Roy Fredericks kwa gongo na Andy Roberts wa Antigua kwa mpira, aliyechukua wiketi 7 kwa mikimbio 54 katika zamu ya pili ya Australia. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lloyd alirudi nyumbani akiwa amefunzwa na ulimwengu.

Hata hivyo, msikilizaji, mtu hujifunza polepole. Aprili 1976 timu ya India ilizuru Karibi. Mjini Port of Spain, Trinidad, Lloyd alichezesha warushaji 3 wa mpira wa kuzungusha, kwa kuwa uwanja ule ulijulikana kuwapendelea watu wa aina hiyo. Akawaachia India mlima wa mikimbio 403 katika zamu ya mwisho. India wakaupanda mlima huo wakiwa wamepoteza wiketi 4 tu. Wapigaji wao Gavaskar na Viswanath kila mmoja alipita mikimbio 100. Hapo Lloyd akafanya uamuzi ambao ulibadili historia ya mchezo huu. Aliamua kwamba tangu siku hiyo ataitegemea kasi, na si kasi ya mtu mmoja au wawili, bali ya watu wanne.

Mechi iliyofuata, mjini Kingston, Jamaika, ilikuwa ya kutisha. Sitaficha jambo hilo kwa sababu ya kuwapenda mashujaa wetu. Mpira ulidunda vibaya, na warushaji wakaulenga mwilini. Gaekwad aligongwa sikioni akapelekwa hospitali. Viswanath alivunjika kidole. Patel aligongwa mdomoni. Katika zamu ya pili India waliishia kwenye mikimbio 97 huku wachezaji 5 wakishindwa kabisa kuingia kucheza. Nahodha wao, Bishan Bedi, alilalamika kwa uchungu, na alikuwa na haki. West Indies walishinda, lakini hiyo bado haikuwa safu iliyokomaa. Kuumiza watu si ufundi, na ghadhabu peke yake haiwezi kumfikisha mtu mbali.

Ukomavu ulianza kuonekana kiangazi cha mwaka huohuo nchini Uingereza. Nahodha wa Waingereza, Tony Greig, ambaye alizaliwa Afrika Kusini, alitamka kwenye televisheni kwamba angewafanya West Indies watambae chini. Maneno hayo, kutoka kwa mtu wa asili hiyo, katika mwaka uleule ambao watoto wa Soweto walipigwa risasi, yaliwachoma wachezaji weusi mpaka moyoni. Huko Old Trafford Uingereza ilitolewa kwa mikimbio 71. Lakini somo lenyewe lilikuwa katika mechi ya mwisho, uwanja wa Oval mjini London. Ukanda ulikuwa umekufa kabisa, haudundi wala haukimbizi mpira, na nyasi za uwanja zilikuwa zimekauka kwa ukame. Kila mtu alisema hapo hapamfai mrushaji wa kasi. Holding akaacha kurusha mipira mifupi ya kutisha. Akarusha mbele, sawasawa, kwenye vijiti. Alichukua wiketi 14 kwa mikimbio 149. Yule kijana aliyelia Sydney miezi saba tu iliyopita alikuwa amekwisha kujua kwamba kasi bila shabaha ni kelele tupu.

Mwaka 1977, Pakistan walipokuja Karibi, wakaongezeka wawili wapya. Colin Croft wa Guyana alirusha mpira kutoka pembeni kabisa ya ukanda ukamfuata mpigaji mwilini. Joel Garner wa Barbados alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2, na mpira wake ulishuka kama unadondoshwa kutoka juu ya mnazi. Katika mfululizo huo mmoja Croft alichukua wiketi 33 na Garner 25. Sasa walikuwa wanne: Roberts, Holding, Croft na Garner.

Hebu tufanye hesabu. Timu yenye warushaji wawili wa kasi huwatumia asubuhi, wakachoka, kisha wapigaji wakavuta pumzi na kukusanya mikimbio yao kwa warushaji wa polepole. Mpigaji mwenye subira alijua kwamba akivumilia saa moja, dhoruba itapita. Kwa wanne dhoruba haikupita. Wawili wakirusha, wawili wanapumzika. Wale wakichoka, hawa wanaingia na nguvu mpya. Tena kila mmoja alikuwa na mtindo wake: huyu anakuja kimya kama kivuli, yule anatokea pembeni, yule mpira wake unatoka juu, na yule mwingine anatumia akili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lloyd alikuwa amekipatia kidole wenzake watatu.

Lakini watu wanne hawawezi kukimbia hivyo siku 5 mfululizo kwa nguvu za kuzaliwa. Hapa anaingia tajiri mmoja wa televisheni wa Australia, Kerry Packer. Mwaka 1977 alianzisha mashindano yake ya kulipwa, nje ya vyama rasmi, akawaajiri wachezaji bora wa dunia, na miongoni mwao nyota wa West Indies. Kwa mara ya kwanza walilipwa fedha zinazolingana na kazi yao. Na pamoja na fedha walipewa mwalimu wa mazoezi, Mwaustralia aliyeitwa Dennis Waight, aliyezoea kuwanoa wachezaji wa raga. Waight aliwakimbiza alfajiri, akawanyoosha viungo, akawaimarisha matumbo na migongo. Waliompinga mwanzoni walikuja kumshukuru. Mashindano ya Packer yalipokwisha mwaka 1979, Waight alibaki na timu hiyo, na akadumu nayo kwa zaidi ya miaka 20. Watu waliokuwa wakitazama kwenye televisheni walisema, tazameni nguvu za asili! Hawakuwaona wale vijana saa kumi na mbili asubuhi wakitapika kwa mazoezi.

Jambo la tatu lilikuwa akili, na mwalimu wake alikuwa Andy Roberts. Huyu alikuwa mtu asiyecheka uwanjani na asiyesema na mpigaji hata neno moja. Alimchunguza tu, miguu yake inasimama vipi na gongo lake linashuka kutoka wapi. Alikuwa na mtego mmoja uliojulikana sana. Alirusha mpira mfupi wa kudunda kifuani, lakini kwa kasi iliyopunguzwa kidogo. Mpigaji akaupiga vizuri, akajiona bingwa. Baada ya muda ukaja mwingine unaofanana na ule kwa kila hali, ila huu ulikuwa wa kasi kamili. Gongo likafika limechelewa. Roberts hakuifanya elimu hiyo siri yake. Aliwafundisha waliomfuata, nao wakawafundisha wengine.

La nne ni jambo ambalo wengi hulisahau. Mpira wa kasi mara nyingi haugongi vijiti, bali huparaza ukingo wa gongo na kuruka nyuma. Kama nyuma hakuna mikono ya kuudaka, mrushaji amefanya kazi bure. Lloyd alipanga nyuma ya mpigaji mstari wa wadakaji hodari, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, na pembeni yao mlinda wiketi Deryck Murray, baadaye Jeffrey Dujon aliyeruka kama paka. Kwa hiyo tunapohesabu wiketi za Garner au za Holding, tukumbuke kwamba nyingi kati yake zilikamilishwa na mikono ya watu wengine.

Na la tano, wengi wao walikwenda kufanya kazi ya kriketi katika klabu za kaunti za Uingereza. Roberts alikuwa Hampshire, Garner alikuwa Somerset, Croft alikuwa Lancashire. Huko mchezo ulikuwa ajira ya kila siku, katika baridi na manyunyu, juu ya viwanja vya kila aina. Mtu aliyerusha mpira miezi mitano mfululizo hawezi kurudi nyumbani bila kujifunza kitu.

Matokeo yakaja. Msimu wa 1979 na 1980, wale wanne walirudi Australia, mahali walikopigwa, wakashinda mfululizo wa Testi huko kwa mara ya kwanza katika historia yao. Ni kweli kwamba majuma machache baadaye walishindwa New Zealand, na huko Holding kwa hasira za uamuzi alivipiga vijiti teke vikaruka. Hilo nalo lilikuwa fundisho. Baada ya hapo hawakushindwa tena mfululizo hata mmoja hadi mwaka 1995.

Msikilizaji, kipimo cha kweli cha safu ni siku inapopungukiwa. Mwaka 1983 Colin Croft na mrushaji mwingine hatari, Sylvester Clarke, walikubali fedha za makaburu wakaenda kucheza Afrika Kusini iliyokuwa imesusiwa na dunia. Wakafungiwa maisha. Timu nyingine ingeyumba. West Indies hawakuyumba, kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alikuwapo Malcolm Marshall wa Barbados, mfupi akilinganishwa na wenzake, ambaye aliingia timu wakati wakubwa wako kwa Packer, kisha akaenda Hampshire kuishika nafasi ya Roberts. Julai 1984, katika uwanja wa Headingley, Marshall alivunjika kidole gumba cha mkono wa kushoto. Aliingia kupiga kwa mkono mmoja ili mwenzake Larry Gomes afikishe mikimbio 100. Kisha, mkono ukiwa umefungwa plasta, akarusha kwa ule wa kulia na kuchukua wiketi 7 kwa mikimbio 53. Mwaka huo Uingereza ilifungwa mechi 5 kwa 0 nyumbani kwake. Marshall alimaliza kazi yake na wiketi 376 za Testi. Alifariki mwaka 1999, umri wake ukiwa miaka 41 tu.

Wapo waliosema kwamba mchezo huo uliwatisha watu na kuharibu kriketi. Walisema pia kwamba warushaji wa kasi wanapoteza muda kwa mbio zao ndefu. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini yalikuwa na unafiki pia, kwani Lillee na Thomson walipofanya vivyo hivyo, walishangiliwa. Mwaka 1991 sheria ikabadilishwa, mipira ya kudunda kichwani ikawekewa kikomo katika kila ova. Hata hivyo West Indies hawakufa kwa sheria hiyo. Aliyejifunza kulenga vijiti kama Holding pale Oval hakuhitaji kumtisha mtu.

Basi walikufa kwa nini? Jibu ni kwamba foleni ilikatika. Marshall aliondoka mwaka 1991. Wakabaki Curtly Ambrose wa Antigua na Courtney Walsh wa Jamaika, warushaji wakubwa kweli. Mmoja alifikisha wiketi 405, na mwingine 519, wa kwanza duniani kuvuka 500. Lakini ukubwa wao ulificha shimo lililokuwa likichimbika nyuma yao. Viwanja vya nyumbani vikazidi kuwa vya polepole, visivyomlipa kijana mwenye kasi. Klabu za kaunti zikapunguziwa idadi ya wageni, na shule ile ya kila siku ikafunga mlango kwa wengi. Mwaka 1995 Australia wakaja Kingston wakachukua ufalme. Mwaka uliofuata ndio huo wa Pune. Ambrose na Walsh walikuwapo siku ile, na kazi yao waliifanya, kwani waliituliza Kenya kwa 166. Ambrose alipostaafu mwaka 2000 na Walsh mwaka 2001, watu walitazama nyuma wakaona hakuna mtu.

Na msiniambie kwamba maumbile yamebadilika. Januari 2024, mjini Brisbane, kijana wa Guyana aliyeitwa Shamar Joseph, aliyekuwa akifanya kazi ya ulinzi muda mfupi tu kabla ya hapo, alichukua wiketi 7 za Australia huku kidole chake cha mguu kikiwa kimeumizwa na mpira siku iliyotangulia. West Indies walishinda kwa mikimbio 8. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza wa Testi katika ardhi ya Australia tangu 1997. Kwa hiyo vijana wenye kasi bado wanazaliwa. Kinachokosekana ni ile karakana ya Lloyd, Waight na Roberts.

Nasi tujitazame. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka 2014 tulikuwa tumekwisha kupoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Kizazi cha Odumbe, Steve Tikolo na ndugu wawili wa Suji kilikuwa kizazi hodari, lakini nani alisimama kwenye foleni nyuma yake? Tulishangilia Pune tukadhani tumewashinda West Indies. Kumbe tulikuwa tumewakuta njiani wakiteremka, nasi tukaifuata njia ileile.

Safu ya warushaji wa kasi huimarika pale timu inapokubali kwamba imepigwa, nahodha akaamua, wanne wakabebana, mwili ukafanyishwa kazi, mzee akamfundisha kijana, na kijana mwingine akawa tayari anangoja zamu yake. Sharti hilo la mwisho ndilo rahisi kusahau wakati wa ushindi, na ndilo lililowaangusha. Mtu anayetaka kujua hali ya timu yake asimtazame bingwa anayerusha leo. Aende asubuhi katika uwanja wa shule, amtazame mtoto wa miaka 14 mwenye mpira mkononi, kisha aulize ni nani anayemfundisha.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tuonane juma lijalo.